Maziwa kwa Wachunguzi wa Rangi

Mimi sijui kukaa. Mama yangu husema nilizaliwa nikiwa nimeshasimama, na hasemi hivyo kwa kunisifu. Kiwanda chetu kilipoanza kunyamaza, nilikuwa natembea kutoka mlango wa mbele hadi stoo, kutoka stoo hadi mlango wa mbele, mpaka askari wa getini akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nilimjibu vibaya. Siku hizo nilimjibu kila mtu vibaya.

Kiwanda chenyewe ni jengo la mabati hapa Kitengela, upande wa machimbo ya mawe, na vumbi la machimbo ni letu kama la wenyewe. Tunatengeneza rangi ya chakula, ile ya manjano inayoingia kwenye krispi na siagi na soseji. Inatoka kwenye mbegu ndogo nyekundu za biksa zinazolimwa Kwale. Unazipasha moto ndani ya mafuta, unakoroga mpaka ziachie rangi, unachuja, unajaza kwenye mitungi. Tulikuwa wanawake kumi na wawili, mimi nikiwa msimamizi, na mtu akitaka kutujua sokoni alitazama viganja. Rangi ile haiogopi sabuni. Inakaa kwenye kucha siku nyingi, na kanisani watu walikuwa wakitutania kwamba tumetoka kupigana na maembe.

Kisha ikaja rangi ya wengine. Ilikuwa unga, ndani ya makopo mazuri, kutoka nchi ya mbali, na iliuzwa huku kwa bei ya chini kuliko inavyouzwa huko kwao. Mwenye kiwanda, mtu mpole wa Makueni aliyesomea kemia, alikaa na kalamu siku nzima akitafuta njia ya kushuka mpaka hapo. Akasema hata wakulima wa Kwale wakitupa mbegu bure, bado hatufiki. Wateja wetu waliondoka mmoja mmoja, kwa adabu, wakiuliza habari za watoto kwanza. Wanawake wangu nao niliwaaga wawiliwawili. Mwishowe tulibaki watatu: mwenye kiwanda, askari na mimi.

Nilikasirika. Sikukasirikia mtu fulani, maana aliyetuumiza hakuwa na uso, alikuwa kopo tu kwenye rafu ya duka. Ningekuwa na mtu wa kumkabili ningelala vizuri zaidi.

Mwenye kiwanda alipeleka malalamiko kwa ofisi ya serikali inayochunguza mambo ya namna hiyo. Alinieleza jinsi yanavyokwenda: ikithibitika kwamba bei ile si ya haki na kwamba imetudhuru, wataitoza ile rangi ya kigeni ushuru pale bandarini, nasi tutapata pumzi. Alinieleza, sikatai. Lakini alinieleza nikiwa nimesimama mlangoni na mawazo yangu yako stoo, kwenye gunia la mwisho la mbegu. Nilichokishika ni kwamba serikali itakuja kutuangalia.

Ikaja mapema kuliko tulivyotarajia. Mwenye kiwanda alikuwa Kwale, amekwenda kuwasihi wakulima wasing'oe miti, aliponipigia simu.

“Wachunguzi wanakuja Alhamisi na mimi sitakuwa nimefika,” alisema. “Wewe wapokee. Waonyeshe tu vile kuko.”

“Hakuna shida,” nikamwambia.

Nikazunguka kile kiwanda na kukitazama vile kuko. Utando wa buibui kwenye sufuria kubwa. Mitungi mitupu imelala chini. Vumbi juu ya mashine ya kuchuja, nene kiasi cha kuandikia jina. Nikasema haiwezekani. Mimi nimelelewa Mashuuru na mama ambaye mgeni akionekana kwa mbali, hata ukame uwe umefagia kila kitu, yeye anatoka kwa mlango wa nyuma na kibuyu kitupu na anarudi kutoka kwa jirani na kibuyu kilichojaa. Mgeni hajui na hapaswi kujua. Na tena nilijiambia, kwa akili zangu zote, kwamba serikali ikikuta kiwanda kimekufa itasema kizikwe. Ni nani anayesaidia maiti?

Niliwapigia simu wanawake wote kumi na mmoja. Kumi walikuja, bila malipo, mmoja akitoka shamba la maua kule Isinya alikokuwa ameanza kazi, akidanganya kwamba ana mgonjwa. Tulifagia, tukapangusa, tukapaka chokaa ukuta wa mbele. Tukafungua lile gunia la mwisho ili Alhamisi wageni wakute sufuria ikichemka. Asubuhi ile walipojipanga na aproni zao, niliona kitu kilichonichoma. Viganja vyao vilikuwa safi. Miezi ya kukaa bila kazi ilikuwa imeondoa rangi yote.

“Chukueni mbegu,” nikawaambia. “Mjisugue.”

Walijisugua wakicheka, mpaka kwenye kucha, kama tunakwenda harusini. Mimi pia nilijisugua. Mama alikuwa amefika kutoka Mashuuru na kibuyu chake cha maziwa lala, kile anachokifukiza kwa mkaa wa mti wa oloirien mpaka maziwa yanakuwa na ladha ya moshi. Alipoona mikono yetu alitikisa kichwa kwa kuridhika.

Wachunguzi walikuwa wawili, mama wa miwani na bwana mnene aliyeshika faili. Walikuta mvuke, harufu ya mbegu na wanawake wakiimba pambio. Walikunywa maziwa, wakala chapati, bwana akaongezwa mara mbili.

“Kumbe mko busy hivi!” mama wa miwani akasema.

“Hii mashine inafanya kila siku?” bwana akauliza.

“Kila siku,” nikajibu.

Neno lilitoka lenyewe, laini kabisa. Waliandika. Waliposhukuru na kuondoka tulipiga vigelegele, na jioni hiyo nilikaa kwenye kiti kwa saa nzima bila kuinuka. Mama ni shahidi.

Ripoti ya awali ilikuja baada ya wiki chache. Mwenye kiwanda aliianza akiwa amesimama na kuimaliza akiwa ameketi. Ilisema kwamba kwenye bei hoja yetu ilikuwa na uzito, lakini wachunguzi walifika wakakuta uzalishaji unaendelea, wafanyakazi wapo, mitambo iko katika hali nzuri. Dalili za kudhurika hazikuonekana.

“Uliwaambia inafanya kila siku?”

“Ndio.”

“Kwa nini?”

“Walikuwa wageni.”

Hakunigombeza. Nilitamani anigombeze. Alivua miwani, akaipangusa kwa shati, akairudisha.

“Hata sisi kwetu tuko na wageni,” alisema polepole. “Lakini wewe ukienda hospitali, unapaka poda ndio daktari asione unaumwa?”

Nilitoka nje. Nilizunguka lile jengo sijui mara ngapi, nikiona chokaa yangu nyeupe ukutani kila nilipofika upande wa mbele, na kila mara nikitaka kuikwangua kwa kucha. Wanawake kumi waliacha vibarua vyao wakaja kunisaidia kuwanyima kazi. Hivyo ndivyo ilivyokuwa, na hakuna namna nzuri ya kuisema.

Zilibaki siku chache za kujibu ripoti. Mwenye kiwanda angeweza kuandika mwenyewe, lakini wakili mmoja wa Kajiado alimwambia kwamba maneno yale yanaweza kufutwa tu na kinywa kilichoyasema, kwa kiapo. Nikaenda Kajiado. Ofisi ya wakili ilikuwa juu ya duka la dawa za mifugo, na harufu ya dawa ya kupe ilipanda mpaka kwenye meza yake. Aliniambia niketi. Nikamwambia nitasimama.

“So unasema ulidanganya maafisa wa serikali?” akauliza.

“Nasema nilikaribisha wageni.”

“Madam, hiyo siwezi andika. Na ujue, ukishasaini hii, wakiamua wanaweza kukushtaki. Niandike nini?”

Nje, mtu alikuwa akipatana bei ya ng'ombe kwa sauti kubwa, na nilitamani kuwa yeye. Niliogopa. Niseme wazi, niliogopa mpaka nikaketi.

“Andika nilidanganya,” nikamwambia.

Kutoka hapo sikurudi Kitengela. Nilikwenda Mashuuru kumwambia mama, kwa sababu nilijua akisikia kwa mtu mwingine itakuwa mbaya zaidi. Nilimkuta akikamua mbuzi. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuinua kichwa.

“Kwa hivyo umeapa kwa serikali ati hatuna kitu,” akasema.

“Ndio, yeyo,” nikajibu, kama tunavyomwita mama kwetu.

Akaendelea kukamua. Kisha akanikumbusha ukame ule wa utotoni mwangu, maafisa walipokuja kuandika waliopoteza mifugo ili wapewe chakula. Baba aliazima ng'ombe wa jirani wakasimama ndani ya boma letu, wageni wasilikute tupu. Nilikumbuka vizuri, maana mimi ndiye niliyewaswaga wale ng'ombe, nikimwona baba yangu mkubwa kuliko watu wote duniani. Maafisa walituandika kuwa watu wenye mali.

“Tulilala njaa,” mama akasema. “Lakini hakuna mtu alituona.”

Hakusema kama baba alikosea. Nami sikuthubutu kumwuliza.

Ofisi ilijibu kwamba wachunguzi watarudi, siku yoyote ya wiki itakayofuata, bila kutaja ni ipi. Nimepitia mambo mengi lakini sijui wiki iliyonitesa kama ile. Nilikatazwa kugusa ufagio. Buibui walirudi kwenye sufuria, nikawatazama. Vumbi la machimbo liliingia kila alasiri likakaa mahali pake, nami nikatembea ndani yake kutoka mlango wa mbele hadi stoo, mikono nyuma, kama mtu anayejishika asipige mtu. Usiku niliota nafagia.

Walikuja Ijumaa. Walikuwa walewale wawili, na mama wa miwani hakutabasamu. Alikuwa na kiapo changu kwenye faili. Nilimfungulia stoo tupu. Nilimpa orodha ya wanawake niliowaaga, na wanne kati yao waliitwa wakaja na nguo zao za kawaida.

“Hebu tuone mikono,” akawaambia.

Wakaigeuza. Ilikuwa safi. Akaigusa ya mmoja wao, akauliza siku ile ya kwanza ile rangi ilitoka wapi, na yule mwanamke akanitazama mimi.

“Ni mimi niliwapaka,” nikasema.

Aliandika kwa muda mrefu. Vumbi likamkaba, akakohoa, akakohoa tena, na bwana mnene akatazama ile meza ya kando ambapo mara ya kwanza palikuwa na chapati. Palikuwa patupu. Nilimpa mgeni wangu maji matupu kutoka kwa jerikeni la askari, ndani ya kikombe cha plastiki chenye ufa, na aibu niliyoisikia ilikuwa moto kwenye masikio.

Hapo ndipo askari alipokuja kuninong'oneza kwamba mama yangu yuko getini.

Alikuwa amekuja na kibuyu. Wiki nzima alijua kwamba wageni watakuja, na moyo wake haukumruhusu kubaki nyumbani. Tangu Jumatatu alikuwa akiamka kabla ya jua na kujaza maziwa, bila kuniambia.

“Wageni wako ndani?” akauliza.

“Wako.”

“Wamekunywa nini?”

“Maji.”

Akakinyanyua kibuyu apite. Nikasimama mbele yake. Sijawahi kumzuia mama yangu mlango wowote, na nilijua hivyo nikiwa ninamzuia.

“Si leo, yeyo. Tafadhali. Leo wasione.”

Aligeuka na kibuyu chake. Kisha akaenda kuketi juu ya jiwe, nje ya geti. Wachunguzi walipotoka walimkumbuka, wakamsalimia kwa heshima, na bwana mnene akamwuliza kwa utani kama leo hakuwaletea kitu. Mama alisimama, akawaitikia salamu, akawatakia safari njema. Mkono mmoja ulikuwa ndani ya shuka. Alikuwa amekificha kibuyu humo, amekibana kwenye ubavu wake kama kitu cha wizi.

Baba yangu alificha njaa. Mama yangu, kwa ajili yangu, alificha chakula.

Hawakunishtaki. Ushuru uliwekwa, na baada ya muda wateja wakaanza kurudi, nao pia kwa adabu, wakiuliza habari za watoto. Wanawake saba wako kazini sasa. Wengine walishapata pa kwenda. Mikono yangu imeshika rangi mpaka kwenye kucha, na nikikaa nayo mapajani naiona, kwa hivyo sikai.

Mama bado anakuja kutembea Kitengela, lakini siku hizi hupiga simu kwanza. Hapigi kuuliza kama niko. Mara ya kwanza nilidhani anatania, nikacheka, na upande wa pili hakukuwa na kicheko.

“Nataka kujua kabla nitoke,” aliniambia. “Leo mko na kitu ama hamko na kitu? Nijue kama nibebe maziwa.”