Mate Kwenye Sinia

Harufu ya muhogo wa nazi imenifuata hapa msibani, na mkono wangu umekuwa mzito kugusa sinia.

Siku zile mchele ulikuwa wa foleni. Mama aliwachukua watoto wawili wa marehemu kaka yake, binti wa rika langu na mdogo wake. Mchana wa kwanza, yule binti alitema mate katikati ya sinia la muhogo ili sote tuondoe mikono, amlishe mdogo wake.

Nilingoja apigwe. Mama alimega palepale, akala.

"Mate ya mwanangu hayanidhuru," alimwambia. "Kula. Hapa hakuna wa kukunyang'anya."

Binti akaangua kilio. Mimi niliinuka, nikanawa.

Sikula na yule binti sinia moja tena. Leo tumemzika.