Kipande cha Kujaribia

Kwa miaka mingi Fanueli ameziba sufuria na tarumbeta kwa moto mmoja. Kibanda chake kipo chini kidogo ya kanisa letu, upande wa Magamba, pale barabara inapokunja kabla ya mikaratusi. Asubuhi za ukungu kibanda chenyewe hukioni. Unaona wekundu wa jiko la mkaa tu, na ukisogea unasikia harufu ya risasi ya kuzibia inayoyeyuka. Akina mama humletea sufuria zilizotoboka na mabirika yaliyong'oka midomo. Zamani sharika za jirani zilimletea matarumbeta pia, mengine ya tangu enzi za wamisionari, yamepinda na kuchakaa hata mtu asiyejua angeyauza chuma chakavu.

Akimaliza kuziba tarumbeta aliliacha lipoe, akalifuta kwa kipande cha khanga kuukuu, kisha akapuliza. Hakupuliza wimbo wa kitabuni. Alikuwa na kipande chake kifupi, kinapanda kwa kusitasita, kinasimama juu kidogo kama mtu anayetazama bonde, halafu kinashuka kwa njia nyingine. Alikipanga hivyo ili vitufe vyote vitatu vibonyezwe, kimoja kimoja na kwa pamoja. Sauti ikivuja mahali, alijua pa kurudia. Sisi tuliokulia pale tulikisikia kama tunavyosikia kengele ya shule. Mama yangu akikisikia yuko shambani aliinua kichwa na kusema, "Fanueli kamaliza," akajua na sufuria yake haitachelewa.

Kwenye bendi ya usharika Fanueli alipuliza baritoni, sauti ya tatu. Mwalimu wetu alikuwa marehemu Stephano, mtu mwembamba mwenye sikio kali. Alimpa Fanueli sauti hiyo angali kijana, akamwambia akae hapo mpaka atakapoambiwa vinginevyo. Hakuambiwa vinginevyo. Stephano akafa, na Fanueli akabaki palepale. Watu hawaisikii sauti ya tatu. Wakiimba nyumbani wanaimba ya kwanza, na wakisifu wanamsifu anayepuliza ya kwanza, ambaye kwetu ni Anord. Ya tatu unaisikia siku isipokuwepo, wimbo unapokuwa kama nyumba isiyo na dari.

Mimi nilikaa kushoto kwake, sauti ya nne. Ninachokumbuka zaidi ni alfajiri za Pasaka. Tulikwenda makaburini kabla jua halijachomoza, watu wameshika mishumaa, umande umelowesha suruali mpaka magotini. Vipulizio vilikuwa vya baridi, ukiviweka mdomoni vinang'ata. Fanueli alikipasha chake moto kwapani, chini ya koti, na changu alikiweka kwapa la pili. Tulipoanza kupuliza, mlima wa ng'ambo ulitujibu, na kutoka usharika wa mbali tuliwasikia wenzetu nao wameanza. Siku hizo tulikuwa wengi, mstari unazunguka kaburi la mchungaji wa kwanza na kurudi.

Baadaye vijana walihamia Tanga na Dar es Salaam, kikaja kinanda cha umeme, tukabaki watu watano.

Ndipo akaja Jenoveva, binti wa Stephano. Anasomea mambo ya filamu chuoni Dar. Siku aliyofika nilikuwa kibandani, nimepeleka karai.

"Shikamoo, baba Fanueli."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda. Huko Dar mnapikiana picha?"

Jenoveva alicheka, akaketi juu ya debe. Alieleza kwamba kazi yake ya kumalizia masomo ni filamu fupi juu ya bibi yake, Bibi Sesilia, mama yake Stephano, ambaye mpaka leo huchambua peasi zake mwenyewe na kuzipanga kwenye matenga ya kwenda sokoni. Picha alikuwa nazo karibu zote. Alikosa muziki wa kukaa nyuma ya picha, na chuo hakikubali nyimbo za watu wengine. Lazima muziki uwe mpya, umetungwa kwa ajili ya filamu ile. Jumamosi alitakiwa awe ameondoka.

Fanueli alimwelekeza kwa Anord. Jenoveva akatikisa kichwa.

"Nakitaka kile chako cha kujaribia. Nikiwa Dar nikikumbuka nyumbani, ndicho kinachokuja."

Fanueli alicheka huku ameziba mdomo kwa mkono. Alikuwa na sababu ya kuuziba. Meno yake mawili ya mbele, ya juu, yalikuwa yanacheza, na hospitali walishamwambia yang'olewe. Tangu masika alikuwa anaahirisha. Mpuliza tarumbeta asiye na meno ya mbele hana pa kuegemeza mdomo, na yeye alijua hivyo kuliko daktari.

"Kile si wimbo, mwanangu," alisema. "Ni kama kupiga hodi uone kama ndani kuna mtu. Nitakutungia wa maana. Wa mwisho huo, kabla sijang'oa haya."

Basi akaanza kutunga. Aliandika kwa chokaa juu ya bati, do na re na mi, akafuta kwa kiganja, akaandika tena. Nilipopita mchana nilimkuta amekaa, sufuria za watu zimemzunguka, moto umezimika. Alinipulizia mwanzo wake. Ulikuwa mzuri, lakini ulipofika katikati niliujua: uligeuka ukaingia kanisani. Akaanza mwingine, nao ukaingia kanisani kwa mlango wa nyuma. Alisema vidole vyake vimezoea barabara moja tu.

Hata hivyo Jumatano alasiri tulikwenda watano kwa Bibi Sesilia, na wimbo aliotutungia. Jenoveva alitaka tupulize palepale uani, bibi akiwa anachambua, ili sauti na picha viwe vya mahali pamoja. Alitega kamera, na juu ya kijiti akafunga kinasa sauti chenye manyoya. Bibi Sesilia alikitazama, akauliza kama kinakula majani. Alikuwa mkekani, mabega yamefunikwa shuka, kwa kuwa kipupwe kilichopita alilazwa na kifua na watu walikuwa wamemwogopea.

Tukapuliza. Wimbo ulikuwa wa taratibu, mzito, wa kupendeza. Tulirudia mara kadhaa, Jenoveva akisogeza kamera huku na huku. Hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka jambo ambalo kwetu mtoto wa darasa la kwanza analijua. Matarumbeta ya kanisa yakilia nyumbani kwa mtu siku ya kazi, bila harusi wala ubatizo, maana yake ni moja.

Wa kwanza kuteremka alikuwa Mwanaheri, jirani wa upande wa juu. Alikuja amejifunga khanga kiunoni na nyingine kichwani, mzigo wa kuni juu, analia kabla hajafika kwenye ua. Nyuma yake walikuja wanawake wengine na unga kwenye visahani vilivyofunikwa. Nikatazama juu, njia yote ya kilimani ilikuwa inashuka watu. Mwishoni alikuwa Rashidi mwenye duka, jembe begani, na wanaume wenzake.

Mwanaheri alipoingia uani alikutana na Bibi Sesilia uso kwa uso. Kuni zikamwanguka.

"Mwanaheri, onga mshi," bibi alimsalimu Kishambaa, kama siku zote. "Unamlilia nani?"

"Nakulilia wewe, bibi."

"Basi nyamaza, utanichosha."

Aliwatazama na wengine wanaoingia, mmoja mmoja, kama anayehakikisha nani kaja na nani hakuja. Kisha akamwona Rashidi.

"Na wewe na jembe lako. Ulitaka kunichimbia wapi?"

Rashidi alikuwa hajui atazame wapi. Alisema walikuwa wamefikiria kule chini, karibu na mparachichi.

"Kule pana maji. Mnataka nilale matopeni na kifua hiki?"

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Wengine walicheka huku machozi ya msiba bado yanatoka. Anord aliketi chini kabisa kwa kucheka. Lakini Fanueli hakucheka. Alilaza baritoni yake kwenye majani, akafuta mikono kwenye suruali, akamwendea Jenoveva. Nilikuwa karibu, nikasikia.

"Umeona, mwanangu. Ninachojua mimi ni kuzika. Tafuta mtu mwingine. Kesho nakwenda kung'oa haya meno yaishe."

Jenoveva alishika kamera yake kwa mikono miwili na kuitazama chini, na nilimwona baba yake kabisa, jinsi alivyosimama siku sauti zilipomwharibikia.

Bibi Sesilia alikuwa hajasikia maneno, ila aliona baritoni iko majanini.

"Fanueli, njoo hapa."

Akaenda, akachuchumaa pembeni ya mkeka. Bibi alichagua peasi iliyoiva, akaimenya, akaikatakata vipande vyembamba sana, vya mtu asiyeweza kutafuna, akampa kimoja kimoja. Fanueli alikula kama mtoto.

"Siku yangu ikifika mtanipulizia vya kitabuni," bibi alisema, "na mimi sitasikia. Leo nipo. Nipulizie cha kwako."

"Kipi, mama?"

"Cha sufuria."

Fanueli aligeuka akawatazama watu waliojaa uani na kuni zao na majembe yao. Halafu akarudi kwenye majani, akaokota baritoni, akaifuta, na kwa mazoea akakiweka kipulizio kwapani kwanza ingawa hapakuwa na baridi. Jenoveva alikuwa ameshageuza kile kinasa sauti chenye manyoya.

Akapuliza. Kikapanda kwa kusitasita, kikasimama juu, na kabla hakijashuka Mwanaheri akasema kwa sauti, "Kumbe sufuria yangu ipo tayari?" Watu wakacheka kidogo, wakanyamaza wenyewe. Kikashuka.

Alikirudia. Mara hii niliinua tarumbeta yangu. Sikujua nitapuliza nini, ila mdomo ulipogusa chuma niligundua ninayo sauti ya tatu, ile yake. Nilikaa ubavuni pake tangu ujana, ikanipitia sikioni kila Jumapili. Nikaiweka chini ya kipande chake. Anord, ambaye hajawahi kushuka kutoka sauti ya kwanza, alisikiliza kidogo kisha akaingia chini yangu. Wale wawili wakafuata. Fanueli alifumbua macho akatuona tuko wote nyuma yake.

Akaendelea. Pale kipande kilipokuwa kikiishia siku zote, hakuishia. Hapakuwa na tundu la kutafuta. Akakipeleka mbele, kikazunguka, kikapanda mahali ambapo sikuwahi kukisikia kikifika, na hakikuingia kanisani hata mara moja. Bibi Sesilia alikuwa amerudia kuchambua peasi zake, kubwa huku, ndogo kule, mikono ikienda na muziki bila yeye kujua.

Alipoondoa mdomo, kipulizio kilikuwa na damu kidogo. Alikifuta upesi kwa khanga yake kuukuu.

Kuni hazikurudishwa. Bibi Sesilia alisema kilicholetwa msibani hakirudi nyumbani, wanawake wakainjika sufuria, tukala ugali wa msiba wake, na mwenyewe akala akaongezewa.

Jenoveva aliondoka Jumamosi. Chuo kiliipokea kazi yake, na Krismasi alituletea filamu, tukaitazama kwenye ukuta wa ukumbi wa usharika. Muziki unaanza pale bibi anapofunga kamba ya tenga la mwisho, na kwa mbali, ukisikiliza sana, kuna mtu anacheka. Fanueli alikaa nyuma kabisa, karibu na mlango. Meno yalikuwa yameshang'olewa, wiki ileile ya Jumatano ile.

Kibandani bado anaziba. Mara mojamoja usharika fulani unaleta tarumbeta, naye huliziba, huliacha lipoe, hulifuta. Kisha ananiita, kwa kuwa hawezi tena kulijaribu. Mimi husimama mlangoni na kupuliza kipande, kinapanda, kinasimama, kinashuka, na watu mashambani wanainua vichwa. Yeye hukaa kwenye debe lake, midomo imefungwa, na kooni anaimba ya tatu.