Mahubiri Yasiyomjua Marehemu

Wanafunzi walimwita Sasa-Basi, naye hakuwakataza. Kila alipomaliza hoja ya pili mimbarani alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai, akainua kichwa na kutamka, "Sasa basi, wapendwa!" Hapo hata aliyekuwa akisinzia benchi la nyuma alikaa wima.

Alikuwa mtoto wa seremala. Alianza kama mwinjilisti wa kanisa lisilo na dari, akawekewa mikono kuwa mchungaji, akaenda kusoma zaidi, na aliporudi chuo cha theolojia kikamkabidhi somo la kuhubiri. Kwa miaka ishirini alilifundisha kwa njia moja. Aliandika mahubiri ya mfano, ya harusi, ya ubatizo, ya msiba, yote yenye hoja tatu, na wanafunzi wakayakariri. Sasa bodi ya chuo ilitaka kuyachapa yawe kitabu cha vyuo vyote vya kanisa. Kwa mtu aliyejifunza herufi kwa kuzichora kwenye vumbi la mbao, heshima hiyo haikuwa ndogo.

Ndipo shangazi wa mkewe akafariki.

Shangazi alikuwa mkunga. Alipokea watoto wa nusu ya mtaa, ila wa kwake hakujaliwa. Mchungaji wa usharika wake alikuwa mwanafunzi wa zamani wa Sasa-Basi, na siku ya maziko, alipomwona mwalimu wake mstari wa mbele, alipata moto. Hoja ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Kisha kijana, ambaye hajawahi kuvaa miwani maishani mwake, akashika ncha ya tai, akafuta hewa.

"Sasa basi, wapendwa! Mama huyu hakuondoka kabisa. Mtazameni katika nyuso za watoto aliowazaa!"

Watu wakatazamana.

"Kumbe alituficha!" mtu akanong'ona nyuma. Jirani yake alicheka, akajifanya anakohoa. Mdogo wa marehemu aliinama, akaficha uso kwa viganja.

Sasa-Basi alitamani ardhi ipasuke immeze. Sentensi ile ilikuwa yake, neno kwa neno.

Walipofika nyumbani, mkewe alivua viatu mlangoni. Mume ndiye aliyeanza.

"Kijana amekosa kuuliza tu, mama."

"Na nani alimfundisha kuuliza? Ulimpa nguo iliyokwisha kushonwa, akamvisha shangazi yangu. Imembana hadi kaburini!"

"Niliandika kwa nia njema."

"Nia njema haiziki mtu, baba. Leo shangazi amefukiwa mara mbili: mara kwa udongo, mara kwa maneno yako."

Alilala na maneno yale, akaamka nayo, na asubuhi yalimfikisha ofisini kwa mkuu wa chuo, rafiki yake tangu ujana.

"Kitabu kisichapwe," alisema kabla hajaketi. "Na mwanafunzi yeyote asihubiri msibani kabla ya kwenda kukaa na wafiwa akawasikiliza."

Mkuu alicheka. "Ndugu yangu, utachoma nyumba kwa sababu ya panya mmoja?"

"Nyumba nimeijenga mimi. Na panya nimewafuga mimi, wako kila usharika."

"Bodi itauliza, hiyo ya kuzurura majumbani ni theolojia gani?"

"Ya kumjua mtu kabla ya kumsemea mbele za Mungu."

Mkuu alikuna kidevu, akaruhusu jaribio la mwanafunzi mmoja. Sasa-Basi alimchagua aliyekuwa kinyozi, kwa kuwa kinyozi amezoea kusikiliza. Kijana alishinda na mjane mmoja kutwa nzima. Siku ya maziko alisimama, karatasi hana.

"Ndugu zangu, mama ameniambia nisiwadanganye. Marehemu alikuwa mkali, na neno 'samahani' lilimshinda. Lakini alirudi kazini na homa ili wadogo zake wasome. Tumlilie huyo, tusimlilie mwingine."

Mjane, ambaye hadi hapo alikuwa amekauka kama ukuta, alilia.

Bodi haikulia. Mahubiri hayakuwa na hoja ya tatu, ilisema, na marehemu amesemwa vibaya kanisani. Kinyozi afelishwe, kitabu kichapwe. Mwalimu akikataa, somo litapewa mwingine naye arudi usharikani. Mkuu alimsogezea kalamu na karatasi ya alama za kinyozi.

"Andika tu, ndugu yangu. Kijana atarudia mwakani, wewe utabaki na jina."

"Jina ninalo. Wameliiga hata wasio na miwani."

Akaandika: amefaulu. Akatia sahihi, akaenda kufungasha vitabu. Mkewe alikuwa amekwisha kutafuta maboksi.

Usharika aliopewa ulikuwa mdogo, wenye ofisi ya dirisha moja. Hakuwa amemaliza kupanga vitabu rafuni pale wanafunzi watatu wa mwaka wa mwisho walipobisha hodi. Hakuna aliyewatuma. Walikuwa wamesikia habari za kinyozi.

"Tumekuja kujifunza, Mwalimu. Tuandike wapi?"

"Acheni kalamu hapo mezani. Nyumba ya tatu mkono wa kushoto yuko baba aliyefiwa na mkewe jana. Nendeni mkakae naye."

"Tumwambie nini?"

"Hamna cha kumwambia bado. Mkirudi, nitavuta kiti nikae, ninyi mnifundishe huyo mama alikuwa nani."