Kura Isiyorudi Koponi

Siku moja haitaki kutoka kichwani mwangu, mwanangu, nayo ni siku ile watu wa mji wetu wa Baraka walipomnyanyua rafiki yangu Zaituni mabegani kwa sababu alisema vizuri. Jana imenirudia yote. Uliingia uani na kombe la mjadala mkononi, unaruka, unaimba, na mimi koko yako, niliyemzaa baba yako, nikaendelea kutwanga sombe, majani ya muhogo, bila kupiga hata kofi moja. Ulinuna. Ulikula fufu umenipa mgongo. Nilikuacha unune, maana fufu yenyewe hukuiacha, lakini asubuhi hii utakaa hapa unisikilize mpaka mwisho, kabla hujaenda popote.

Wakati huo nchi yetu bado inaitwa Zaire, nami niko mwaka wa tano wa sekondari, shati jeupe na sketi ya bluu, najiona nimeshaimaliza dunia. Tulikuwa na mwalimu wa biolojia aliyeitwa Lusambya, mtu mwembamba, mpole, na mwenye kuudhi kupita kiasi. Jumamosi, wengine wakienda mpira au kwaya, yeye alibaki darasani na sisi wachache wa mjadala. Hakutupa majibu hata siku moja. Ukimwambia kuoga ziwani saa ya jua kali kunaleta homa, anakuuliza, "Unajua namna gani?" Ukijibu koko alisema, anauliza, "Na yeye alijua namna gani?" Anaendelea hivyo mpaka unatamani kumtupia chaki. Lakini ukifika nyumbani swali linakufuata, na unaanza kuyaangalia mambo yote uliyoyameza bila kutafuna.

Mjadala wake ulikuwa na desturi. Ijumaa aliweka vikaratasi vilivyokunjwa ndani ya kopo la bati, na kila msemaji akachota kimoja. Kikaratasi ndicho kilichokuambia utatetea upande gani, upende usipende, na ulitakiwa kuutetea kwa nguvu zako zote. Alisema mtu asiyeweza kusema maneno ya mpinzani wake hajaanza kufikiri. Kisha, mjadala ukiisha na mshindi akijulikana, kila msemaji alirudi mbele, akakitia kikaratasi chake koponi, akasema kwa sauti: hii ilikuwa kura yangu, lakini mimi mwenyewe naamini hivi, na sababu zangu ni hizi. Desturi hiyo tuliiita kurudisha kura. Sisi tuliona ni mkia wa kazi tu, kama kufagia darasa. Mara nyingi tulikuwa na njaa, basi tukaifanya haraka haraka.

Mwaka ule kipindupindu kilishuka kandokando ya ziwa, Makobola, kisha Nundu, mpaka kikatufikia. Watu wa afya walisimama pale wanawake wanapochota maji, wakatia dawa ndani ya kila bidoni, dumu la maji, kwa bomba la sindano. Maji yakanuka. Wanawake wakanung'unika. Mmoja akasema dawa ile inafunga kizazi, mwingine akasema naye amesikia vilevile, na kwa kuwa walishakuwa wawili, ikawa habari ya kweli. Prefe, mkubwa wa shule yetu, akaona tuwasaidie wazazi: mjadala ufanywe uwanjani, kwa Kiswahili, kila mtu aje asikie kama dawa ikubaliwe au ikataliwe. Nia yake ilikuwa njema, sitamsema vibaya. Mwalimu Lusambya alikuwa anaondoka kwenda Nundu, ambako mke wake alilazwa. Alitushikisha kopo, akatuambia, "Mufanye. Lakini musisahau kurudisha."

Nikachota mimi: dawa ikubaliwe. Zaituni akachota: dawa ikataliwe. Alicheka mpaka machozi, maana nyumbani kwao, kule ukingoni mwa ziwa, yeye ndiye aliyembembeleza mama yake mpaka akakubali maji yatiwe dawa.

Jumamosi uwanja ulijaa. Mimi nilisimama na ukweli mkononi nikauharibu. Nilitaja mikrobe, nilitaja lita, nilitaja neno moja refu la Kifaransa ambalo mimi mwenyewe sikulielewa vizuri, na wanawake wakaanza kupiga miayo. Niliamini ukweli utajitetea wenyewe. Zaituni aliposimama, alinyamaza kwanza, akawatazama.

"Bamama," akasema, "hii ziwa tulianza kuikunywa leo? Bale bantu ya dawa, mulishabaona banakunywa maji yetu? Banakuja na maji yabo ndani ya machupa. Banasema dawa inaua badudu badogo. Sawa. Kitu yenye kuua mududu mudogo ndani ya maji, ikiingia mu tumbo ya mama, na mule tumboni muko mutoto mudogo, itamufanyia nini?"

Uwanja mzima ulishusha pumzi. Hata mimi, niliyejua ni kura tu, nilijikuta nimeshika tumbo. Mama yake alikuwa mstari wa mbele, kitambaa cheupe kichwani, analia kwa furaha. Hakusoma hata darasa la kwanza, mama yule, na sasa mtoto aliyemsomesha kwa ndagala, dagaa wa kuanika, anawanyamazisha watu wazima. Walimnyanyua Zaituni mabegani. Prefe alianza kuona mambo yanakoelekea, akapiga filimbi, akaita watu watulie ili kura zirudishwe. Hapo mvua ikashuka kutoka milimani, mvua yetu isiyobisha hodi, na kila mtu akakimbia. Sisi wa mjadala tulijibanza barazani, tukasema basi, tutarudisha Jumamosi ijayo. Zaituni alikuwa bado amekishika kikaratasi chake, kimelowa. Akakitia mfukoni.

Jumatatu wanawake walianza kuziba midomo ya bidoni kwa viganja. Watu wa afya wakiuliza kuna nini, wanajibiwa, "Hata mutoto ya shule alituelezea." Na aliyejibu kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa Mama Zaituni. Aliyarudia maneno ya binti yake moja baada ya jingine, hata mwanzoni alinyamaza kama yeye.

Zaituni aliposikia, alikwenda kwa mama yake mbio. Mimi nilikuwa naye, nilisikia kwa masikio yangu.

"Mama, ile ilikuwa muchezo," akasema. "Ile upande nilipewa na kura. Mi siamini vile, na wewe unajua. Si mimi nilikuambia tutie dawa?"

Mama yake akamshika shavu. "Mutoto wangu, mi nilikuangalia. Ulisema na macho yako yote. Muntu hawezi kudanganya vile. Sasa banakutisha, ndiyo maana unageuka."

"Hakuna muntu ananitisha, mama!"

"Acha. Mi niko najua mutoto wangu."

Mimi na Zaituni tukashuka ziwani. Zaituni alikitoa kikaratasi mfukoni, akawaonyesha wanawake. Wengi hawakujua kusoma, na waliojua hawakuona kitu, maana mvua ilishafuta wino. Akachota kikombe cha maji yenye dawa, akayanywa mbele yao mpaka mwisho. Mwanamke mmoja akacheka, akauliza, "Banakulipa ngapi?" Kila alichosema, walimjibu kwa maneno yake mwenyewe: machupa yale, badudu wale, mtoto aliye tumboni. Alijitahidi, mwanangu. Sijamsikia mtu akijitahidi vile tena. Lakini alikuwa anashindana na Zaituni wa Jumamosi, na Zaituni wa Jumamosi alikuwa hodari kuliko yeye. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na siku ile nilijua kwamba ulimi haujikwai peke yake, unaangusha na waliokuwa nyuma yako.

Alhamisi alfajiri mama yake alianza kuharisha. Walipomfikisha kwa waganga wa hospitali, macho yalikuwa yameshazama na sauti imekauka. Adhuhuri akafa. Hakufa peke yake katika mtaa ule. Watu wa afya hawakuruhusu aoshwe na wanawe kama dini ya familia ile inavyotaka. Walimnyunyizia dawa ileile aliyoikataa, wakamfunga, wakamzika kabla ya jua kuzama. Zaituni alisimama mbali, mahali alipowekwa. Alisikia harufu ya dawa, akaziba pua kwa mikono miwili, akapiga magoti. Nilitaka kumshika, nikashindwa hata kumkaribia. Bado naona aibu.

Kwenye kilio watu walinong'ona kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Methali ile usiitumie mbele yangu kwa ajili ya mama yule. Sikio lake lilisikia vizuri sana. Lilimsikia mtoto wake.

Baba yake Zaituni, mwenye mtumbwi, alikuwa amekaa mkekani. Mimi, kwa ujinga wa kutaka kumwondolea rafiki yangu mzigo, nikainama nikamwambia, "Baba, tusamehe. Ilikuwa muchezo tu."

Hakupandisha sauti.

"Muchezo?" akasema. "Sasa nani alituambia kama ni muchezo? Siye tulikuwa pale. Tulikaa chini, tukasikiliza, tukaamini. Muntu mwenye anakuamini, mutoto wangu, hauchezi naye mpaka umwambie muchezo umeisha."

Mzaha mzaha hutumbua usaha. Methali hiyo nilikuwa naiandika darasani tangu utoto, na pale mkekani ndipo nilipoielewa.

Mwalimu Lusambya alirudi kutoka Nundu, akakuta matanga. Alitukusanya darasani, akaliweka kopo mezani. Aliuliza jambo moja tu: "Muliacha nini?" Tukamjibu tukitazama chini. Aliligeuza kopo, halikuwa na kitu ndani. Akasema angetamani awe yeye aliyekuwa pale kwenye mvua, amshike kila mtu nguo asiondoke. Kisha akatoka nje, tukamwacha alie. Wazazi walidai mjadala ufungwe, na ukafungwa. Walisema unafundisha watoto uongo. Hapo ndipo ninapokasirika hata leo. Mwalimu alitufundisha kazi nzima, sisi tukafanya nusu, kisha kazi nzima ikalaumiwa. Baada ya hapo shuleni ikabaki kukariri, na uvumi ukabaki mitaani bila mtu wa kuuliza unajua namna gani.

Zaituni hakufanya mtihani wa serikali. Aliolewa kule Kazimia, akauza ndagala sokoni. Niliwahi kumtembelea. Mteja alimuuliza kama samaki wamekauka vizuri, naye akasukuma beseni mbele, akasema, "Angalia mwenyewe." Hakusifu. Hakushawishi. Mwanamke aliyewahi kunyamazisha uwanja mzima aliuza samaki maisha yake yote bila kumwambia mtu nunua. Alifia kulekule.

Sasa tuje kwako. Jana nilikuwa uwanjani, nimesimama nyuma, hukuniona. Nilisikia mnajadili iwapo watu waliokimbia vita, wanaolala katika madarasa ya shule yenu, waondolewe au wabaki. Najua uliangukiwa na upande wa waondolewe. Ulisema wanaleta magonjwa, ulisema vitu vinapotea tangu wafike, ulisema na macho yako yote. Pembeni yangu alikuwa mama mmoja mwenye kitenge cha kijani, mtoto mgongoni, mwingine ameshika nguo yake. Hao wanalala katika darasa lako. Watu walipopiga makofi, aliwaangalia mmoja mmoja, kama mtu anayetaka kujua nani atakuja kumtoa. Kisha mkapewa kombe, mkapiga picha na simu, mkaenda. Hakuna aliyerudi mbele.

Leo asubuhi nilikwenda bombani. Nimesikia vijana wawili wakisema, hata wanafunzi wenyewe wamesema watoke.

Nasaha yangu ni hii, mwanangu, na si ndefu. Fikiri pande zote, jaribu hata maneno ya mpinzani wako, maana akili isiyopindwa haijui kukunjuka. Sikukatazi mjadala, anayekukataza kufikiri hakutakii mema. Lakini ukishamaliza, rudi mbele ya watu walewale waliokusikia, useme unachoamini na ulivyokijua. Usiiachie mvua, usiiachie Jumamosi ijayo. Maji yakimwagika hayazoleki, ila yako bado yanatiririka, na unaweza kuyazuia kwa mguu. Kama kweli unaamini wale watu watoke, basi nenda ukamwambie mama yule usoni, umuulize na yeye anajua nini. Kama huamini, vijana wale wa bombani wakusikie kabla ya adhuhuri.

Basi simama. Vaa shati lako la shule. Mungu akutangulie njiani, akupe ulimi wa kuaminiwa, akupe na hofu ya kuaminiwa. Akukutanishe na mwalimu wa kukuudhi popote utakapokwenda. Mikono ya marehemu wetu wote wa ziwani ikusukume mgongoni pale miguu itakapokuwa mizito.

Kombe liache hapa kwangu. Ukirudi, nitapiga makofi.