Fundi Cherehani na Gitaa la Mdogo Wake

Shemeji yangu ni fundi wa kutengeneza cherehani, na hawezi kupita mahali penye kitu kinacholia bila kukitia mafuta. Bawaba za mlango wangu wa jikoni hazijawahi kulia tangu niolewe. Kiti cha mama mkwe alikitia mafuta mpaka kikachafua nguo za wageni. Kikopo chake chenye mdomo mrefu hakimtoki mfukoni, na mashati yake yote yana doa mahali pamoja, kana kwamba yametoka nalo dukani. Hana mke. Mie humuuliza ni mwanamke gani atakubali kulala na harufu ya mashine, naye hunijibu kwamba mdogo wake alioa ulimi na bado anapumua.

Huyo mdogo wake ndiye mume wangu. Zamani alikuwa mpiga gitaa wa bendi. Kiharusi kilipompata, mguu ulirudi kiasi, maneno yakarudi machache, ila mkono wa kulia ukabaki mzito kama wa kuazima. Angeweza kupiga uzi mmoja kwa dole gumba na kulaza kiganja, basi. Kutwa alikaa dirishani akitazama ua wa jirani. Nilipika, nikagomba, nikanyamaza, hakuna kilichomgusa.

Shemeji ndiye aliyekumbuka gitaa juu ya kabati. Ni gitaa la umeme lenye mkono mdogo wa chuma kando ya daraja linaloshika nyuzi. Ukiubonyeza, sauti inayumba kama ya mtu anayeimba huku machozi yanamlengalenga.

"Huyu hahitaji vidole vitano," akaniambia. "Apige uzi mmoja, autikise kwa kiganja, atakuwa ameimba."

Nilimwelewa. Nikampisha meza ya kulia, tukawa tunakula sahani zikiwa magotini.

Kazi aliijua nusu. Alifungua skrubu zilizoota kutu, akabadilisha nyaya zilizogugunwa na panya, akalehemu upya tundu la kuchomekea, akasafisha kifundo cha sauti kilichokuwa kinakwaruza. Mbao aliifuta kwa kitambaa mpaka wekundu wake ukajitokeza. Akavalisha nyuzi mpya. Tulipochomeka kwenye spika, mume wangu alinyoosha mikono mwenyewe, bila kuombwa. Nikajifanya napanga vikombe.

Akapiga, akabonyeza ule mkono wa chuma, sauti ikashuka na kuyumba vizuri. Alipouachia, uzi haukurudi mahali pake. Ulirudi na sauti ya juu kidogo, kama ya mtu aliyekanyagwa. Shemeji akarekebisha, mume wangu akajaribu tena, ikaharibika vilevile. Mwishowe akalisukuma gitaa kutoka pajani na kusema, "Liuze." Akarudi dirishani.

Shemeji akafanya anachokijua: akatia mafuta. Alitia kwenye springi za mgongoni, akatia na kwenye kile kijiti cha mfupa juu ya shingo, ambacho nyuzi hupita katika mifereji yake. Mafuta yakashika vumbi, mifereji ikajaa uji mweusi, nyuzi zikazidi kugoma. Basi akaja na kabari ya mbao, akasema atalikomea daraja lisicheze kabisa, angalau gitaa lishike sauti.

Nikamuuliza, sasa mgonjwa ataitikisa hiyo sauti kwa nini, kwa kichwa? Sikutoa meza yangu ili tupate pambo la ukutani. Shemeji akaiweka kabari mezani.

"Huyu nimembeba mgongoni," akasema taratibu. "Na sijui kumtengeneza."

Nikamsogezea kikombe cha chai. Mimi.

Ndipo tukasikia kiti kikiburutwa. Mume wangu alikuja mezani akivuta mguu, akainama juu ya kichwa cha gitaa. Kila kigingi cha kukazia kilikuwa kimeviringishiwa uzi tele, mizunguko imepandana, kazi safi kabisa. Akaitazama.

"Kaka," akasema, "umejaza bobini?"

Ilikuwa kweli. Bobini, kile kigurudumu cha uzi ndani ya cherehani, hutaka uzi mwingi, na mkono wa shemeji ulikuwa umejaza bobini bila kumwomba ruhusa. Uzi ukilegezwa, ile mizunguko yote inalegea nao, na ukikazwa haikai tena kama mwanzo. Nilicheka mpaka nikaketi sakafuni. Mume wangu akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, ule unaomtii.

Kuanzia hapo mwenye amri akawa mgonjwa. Alitoa neno mojamoja, kaka mtu akafuata. Nyuzi zikafupishwa, kila moja ikapewa mizunguko miwili mitatu tu, kisha ikavutwavutwa kwa mkono mpaka ulegevu wake ukaisha. Mafuta yakafutwa kwa spiriti. Mifereji ikasuguliwa kwa msasa laini uliokunjwa, polepole kama unavyomfuta mtoto macho, ikapakwa unga wa penseli ili uzi uteleze bila kunata. Springi zikakazwa huku, zikalegezwa kule, hadi daraja likasimama sawa.

Akalipakata. Akapiga uzi mmoja, akalaza kiganja kizito juu ya mkono wa chuma. Uzito wake wenyewe ulitosha. Sauti ikashuka, ikayumba, ikakaa hewani. Akainua kiganja, nayo ikarudi palepale ilipotoka. Akarudia. Ikarudi. Shemeji alikuwa ameng'ang'ania ukingo wa meza kwa mikono miwili. Nikamwambia akae, anatuzibia mwanga.

Habari ya kuuza haikutajwa tena. Mume wangu aliutafuta uzi wa pili, akakosea, akarudi nyuma, akaupata. Shemeji alipoaga, mdogo wake alimwambia bila kuinua macho, "Kesho uje mapema."

Shemeji akajibu kwamba kesho ana cherehani za watu.

"Uje nazo."