Maziwa Kidogo Tu ya Kubadilisha Rangi

Nimeeleza aleji ya binti yangu mara nyingi mpaka sauti yangu mwenyewe inanichosha. Nimewaeleza walimu, majirani, mama wa duka, wamama wa kanisani. Maziwa yanaweza kumuua. Si kumuumiza tumbo, si kumwasha ngozi, ni kumuua. Watu hunisikiliza vizuri, wanasema pole, halafu mmoja anauliza: hata ya ngamia?

Shule yake iko hapa Kitengela. Saa nne watoto wote hunywa uji wa maziwa. Nilipomwandikisha nilienda jikoni nikaongea na mpishi ana kwa ana, mama mtu mzima aliyezaliwa huko ndani Kajiado, mwenye roho safi ajabu. Tukakubaliana uji wa binti yangu upikwe kwa maji, kwenye sufuria yake ndogo, na mwiko wake. Mwaka mzima hakukuwa na neno.

Siku hiyo mwalimu wake alinipigia simu nikiwa kazini. Midomo imevimba, akasema, na hapumui vizuri. Namshukuru Mungu alikumbuka ile sindano ya dharura tuliyoweka ofisini, akamdunga pajani, wakakimbia naye hospitalini. Nilimkuta kitandani, yuko hai, macho mekundu, akaanza kuniomba msamaha. Mtoto wa miaka tisa ananiomba msamaha kwa kunywa uji.

Mpishi alikuwa kwenye benchi pale nje, analia. Naapa nilitaka kumrarua. Nikamuuliza alifanya nini.

"Niliweka kidogo tu, ya kubadilisha rangi," akasema. "Nilidhani nyinyi hamna maziwa, mkaona aibu kusema."

Alikuwa ameyabeba kutoka kwake nyumbani, yake mwenyewe. Kwao, kumpa mtoto uji wa maji huku wenzake wanakunywa wa maziwa ni kumtesa, na alikuwa amemtesa mwaka mzima kwa amri yangu. Mambo ya aleji aliyaona ni maneno ya mama asiyetaka kuchekwa. Laiti angekuwa mzembe, ningemtukana nikatulia. Nilikaa kwenye benchi hiyo hiyo, kando yake.

Kikao cha wazazi kikaitwa. Nikaomba maziwa yaondolewe kabisa jikoni mwa shule, na nilikuwa nimejiandaa kwa vita. Baba mmoja akasimama, mfugaji, akaongea bila kelele yoyote.

"Mama, pole sana kwa mtoto. Lakini ng'ombe zangu ziliisha kiangazi. Watoto wangu wawili, maziwa yao ni hayo ya shule tu. Sasa wakunywe nini?"

Nilitaka kumwambia wako hawatakufa, wangu atakufa. Maneno yalikuwa mdomoni. Nikamwangalia, mtu amesimama mbele ya watu wote akisema hana ng'ombe, nikakaa chini. Kuna siku najilaumu kwa kukaa. Kuna siku najilaumu kwa kuomba. Mwalimu mkuu akatoa uamuzi: maziwa yatabaki, na binti yangu atakuwa akibeba uji wake kutoka nyumbani, anywe ofisini na karani, mlango ukiwa umefungwa. Nikatia sahihi. Nilikuwa nimechoka, na huo ndio ukweli.

Nyumbani kwetu maziwa hayajaingia tangu ajulikane ana aleji. Tunakunywa strungi, chai isiyo na maziwa, asubuhi na jioni, na hatujawahi kumwambia ni kwa nini. Jumamosi iliyopita alinitazama nikimimina.

"Mama, wewe unapenda chai ya maziwa?"

Nikamwambia aah, nimezoea hii.

"Nunua yako tu," akasema. "Ukikunywa, mimi nitakaa nje nifunge mlango. Hata mimi nimezoea."