Nyumba ya Njano Kule Houston

Nakumbuka Jumapili moja ya mvua, mwanangu, tulipokuwa bado tunaishi karibu na uwanja wa Flagey, hapa Bruxelles. Simu ya baba yangu, babu yako, ilikuwa imeegemezwa kwenye chupa ya maji katikati ya meza ili wote tumwone Tonton Fidèle. Wewe ulikuwa mtoto wa kupakatwa, umelala mapajani mwa mama yako, hukusikia kitu. Nakuita mwanangu ingawa mimi ni shangazi yako na sina hata unywele mmoja wa mvi. Kwetu Katanga mtoto wa kaka ni mtoto wako, na wiki ijayo unapanda ndege kwenda mji uleule tuliokuwa tukiuzungumzia siku ile. Wazee wa kweli wangekupa nasaha zilizoiva. Mimi nina maswali tu, na moja kati ya hayo nusura livunje familia hii.

Tonton Fidèle ni kaka mkubwa wa baba. Alitoka Lubumbashi kabla yetu sote, akapata njia ya Marekani, akatua Houston. Kila Jumapili baada ya misa alitupigia, na mwaka ule alikuwa na neno moja tu: njooni. Bahati nasibu ya viza ilikuwa imeliangukia jina la baba. Mwenye nyumba wetu alikuwa amepandisha kodi tena, uwanjani migahawa mipya ilikuwa ikifukuza maduka tuliyoyazoea, na baba alikuwa amechoka. Akaandika barua ya kuhama, akaitia sahihi, akaiweka juu ya televisheni. Kesho yake angeipeleka kwa mwenye nyumba, na hapo hakungekuwa na kurudi nyuma. Mama angeacha kazi yake ya kutunza wazee kule Auderghem, pembeni mwa mji, mimi ningeacha chuo, na Nkambo, mama yake baba, angebaki kwa baba yako.

Sasa kuna desturi yetu ambayo hata wewe uliyekulia hapa unaijua. Aliyetangulia ndiye mwenye njia. Akikuambia njoo, unakwenda. Humuulizi utalala wapi, kwa kuwa kumuuliza ni kumwambia machoni kwamba unautilia shaka ukarimu wake. Nilipokuwa na umri wako niliona desturi hiyo ni ujinga. Leo naona ni ujinga wenye heshima ndani yake, na ndiyo maana ni vigumu kuuacha.

Nilikuwa nasoma jiografia. Mwalimu wetu alitutaka kila mmoja achague mji wa Marekani, aufuatilie kwa picha za miaka kumi: za kutoka angani na zile za barabarani ambazo mtu hutazama mwaka baada ya mwaka. Nilichagua Houston kwa ajili ya Tonton. Kutoka juu mji ulikuwa kama uji uliofurika sufuria. Mashamba ya pembeni yaligeuka mapaa, na barabara kuu zikaongezewa upana kana kwamba hazishibi. Lakini katikati nako hakukutulia. Nikaitafuta nyumba ya njano yenye baraza, ile ambayo picha yake ilikuwa imetundikwa sebuleni kwetu, Tonton amesimama mbele yake kwa tabasamu. Picha ya kwanza, ipo, na kiti cha plastiki barazani. Picha iliyofuata, madirisha yamepigiliwa mbao. Halafu nyasi tupu. Halafu nyumba tatu ndefu nyembamba, zimebanana kama vitabu kwenye rafu. Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Mimi nikaongeza langu: ukiona vimeundwa, uliza kilichobomolewa.

Niliibeba habari hiyo wiki nzima kama kaa la moto mkononi. Kumwambia baba faraghani? Angesema namchafua kaka yake. Kunyamaza? Barua ilikuwa pale juu ya televisheni, naiona kila nikipita.

"Ndugu yangu, vyumba vyenu viko prêts, tayari kabisa," Tonton alisema siku ile. "Munangojea nini tena? Bruxelles imewazeesha."

Baba akacheka. "Préavis iko pale juu ya télé. Kesho naipeleka."

Tonton alikuwa amekaa ndani ya gari, mkanda kifuani, kama Jumapili iliyopita na ile ya kabla yake.

"Tonton," nikasema, "tuonyeshe shiye nyumba kidogo. Hata véranda tu."

"Niko ku parking, mama."

"Kila dimanche uko ku parking, Tonton."

Baba yako akanikanyaga mguu chini ya meza. Babu yako hakunitazama hata. "Nadine," akasema polepole, "unaongea na mukubwa wangu."

"Naongea na muntu mwenye tunaenda kuikala kwake, papa."

Tonton akajaribu mzaha. "Alors, université inakufundisha kuwa police?"

"Inanifundisha kuangalia picha. Ile nyumba ya jaune haiko tena, Tonton. Walishaibomoa. Sasa shiye tunaenda wapi?"

Tonton aligeuza uso kando, akatazama nje ya dirisha la gari lake kama mtu anayemtafuta dereva mwingine. Kisha picha ikakatika.

Baba alisimama. Sijawahi kumwona hivyo, wala kabla wala baadaye. "Umefukuza kaka yangu mu nyumba yangu," alisema. "Kaka mwenye alinilea." Akachukua koti, akaichukua ile barua. "Siingoji kesho. Naisukuma chini ya mulango wa propriétaire leo leo." Mama alimshika mkono, baba akauchomoa. Alikuwa ameshashika kitasa.

"Ikala," Nkambo akasema.

Hakupaza sauti. Alikuwa kwenye kiti chake kando ya radieta inayopasha chumba joto, na baba akakaa, koti mwilini, karatasi mkononi. Ndipo Nkambo akanigeukia mimi.

"Kuuliza si mubaya. Lakini uliuliza nyumba. Muntu haukumuuliza."

Nilitaka kubishana, na bado nabishana naye hadi leo, ingawa hayupo tena. Wanasema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Je, ulimi uliotulia ukiiacha familia bila paa ng'ambo ya bahari, huo haukujikwaa? Siku ile Nkambo aliomba simu, akataka tumpigie Tonton tena, bila picha.

Mara ya kwanza Tonton hakupokea. Mara ya pili akapokea.

"Fidèle, mwanangu. Usiku unalala wapi?"

Tukasikia tramu ikilia inapokata kona uwanjani. Kisha akaongea, na hakuongea kama mkubwa wa mtu yeyote. Nyumba ya njano iliuzwa na mwenye nyumba wake. Akahamia mtaa mwingine, nako kodi ikapanda. Akahama tena, na kila alipohama, katikati ya mji kulizidi kuwa mbali, mpaka akafika mahali basi halifiki, mahali ambapo kwenye picha zangu za mwanzo palikuwa malisho ya ng'ombe. Alikuwa na chumba kimoja pamoja na wanaume wawili waliofanya kazi za usiku na kulala mchana. Alitupigia kutoka garini ili asiwaamshe.

"Nilisema, wakikuja, tutapanga nyumba pamoja," akamaliza. "Peke yangu siiwezi, mama."

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hiyo nilidhani ni adabu tu ya kumkaribisha mtu mlangoni.

Baba akavua koti. "Na sababu gani haukuniambia?"

"Na weye, ulishaniuliza?"

Baba aliikunja ile barua, mara moja, mara mbili, akainama, akaisukuma chini ya mguu wa meza uliokuwa ukiyumba. Hatukuenda.

Usidhani mambo yaliisha kama hadithi. Baadaye Flagey nayo ilitushinda, tukahamia Auderghem, kwenye vyumba vidogo zaidi. Na yale malisho ya ng'ombe yakawa mji: shule, maduka, kanisa ambamo watu huimba Kiswahili. Tonton sasa ana nyumba nzima, na akipiga simu huizungusha jikoni atuonyeshe sufuria kabla hatujaomba. Tungekwenda, tungekuwa wapi? Sijui. Anayekuambia anajua, mhoji.

Basi mwanangu, nasaha yangu ni hii. Mji wa Marekani unaosimuliwa ni mji wa jana. Hata huu ninaokusimulia umeshazeeka. Usihame kwa picha ya mtu. Uliza, tena uliza bila haya, lakini anza na mtu kabla ya kuta: analala wapi, na nani, na nini kilimtoa alipokuwa. Muulize mkiwa wawili. Ukishamsikiliza, mji utakuwa umeujua. Na siku mji utakapokusukuma wewe pembeni, maana utakusukuma, usitupigie kutoka maegesho.

Nenda. Mungu wa Nkambo akupe mlango, na nyuma ya mlango akupe mtu wa kukuuliza umelalaje, na wewe uwe na ujasiri wa kumjibu kweli.